Zafarani Juu ya Herufi Zisizosomwa

Watu wanaokuja karakana yangu mtaa wa Ghala, Maskati, hupenda kuniuliza nimesoma wapi. Wananiona nnafungua katalogi ya vipuri ya Kiingereza, nnasoma mwenyewe, simwiti mtu, nao wanajua kuwa shule sikwenda. Miaka mingi nimewapa jawabu moja: nimejisomesha mwenyewe. Jawabu hilo ni la uongo. Mengine yote ninayojisifia ni ya kweli, karakana nimeijenga kwa mikono hii, lakini hilo ni la uongo, na leo nnaandika habari za aliyenisomesha.

Tukimwita Maalim, basi. Jina lake nnalijua, na la babake, na la babu yake, lakini hapa silitaji, na sababu mtaiona mbele. Alikozaliwa na alivyokulia hakutwambia, na sisi hatukumuuliza. Tuliotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne hatukuwa watu wa kuulizana yaliyopita. Nilimkuta Matrah, huku Omani, kanitangulia kufika, amekaa kibarazani kwa fundi cherahani akiwaandikia watu barua na kuwasomea maandishi ya chupa za dawa. Hiyo ndiyo kazi yake ya mchana. Baada ya sala ya alasiri akipanda chumba cha juu cha duka hilo hilo na kusomesha Kiingereza watu wazima.

Sisi wanafunzi tulitaka kitu kimoja. Kampuni ya mafuta ilikuwa imepiga kambi nje ya mji, na aliyeweza kusoma Kiingereza akipata kazi ya ndani, yenye kivuli. Asiyeweza akibeba mabomba juani. Maalim naye alikuwa na lake: alitaka kuwa mwalimu wa hiyo kambi. Alisikia kuwa Wazungu wanatafuta mtu wa kuwasomesha wafanyakazi. Akaenda getini mara moja. Askari akamwambia, "Cheti?" Vyeti vyake vilibaki Unguja, ndani ya kabati ambalo hajui nani analifungua sasa. Akarudi kwa miguu mpaka Matrah, na hakwenda tena.

Lakini kila mwezi ukiandama akiandika barua ya kuomba kazi hiyo, kwa hati nzuri isiyo na mkwaruzo, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu. Haipeleki. Mwezi wa pili anaichana, anaandika mpya yenye tarehe mpya.

"Maalim, barua hii mbona haendi nayo mtu?" nikamuuliza.

"Barua bila ya cheti ni karatasi," akasema. "Cheti changu ni nyinyi. Mmoja wenu akikaa mbele ya Mzungu akasoma sawasawa, ataulizwa nani kakusomesha. Hapo atanitaja. Barua itakuwa tayari."

Alisema hayo mbele yetu sote, zaidi ya mara moja. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Alikuwa mchoyo. Lazima niliseme hili, maana watu wakishaondoka husifiwa mpaka wakawa si wao. Chai akikupa, kikombe nusu. Karatasi akiigawa vipande vinne. Mshumaa akiuzima kwanza, kisha ndiyo aagane na wewe gizani. Lakini kitu kimoja hakukifanyia uchoyo, nacho kilikuwa ghali kuliko vyote: zafarani. Akiiroweka ndani ya kijichupa cha dawa, akafanya wino, na kwa wino huo akitia alama juu ya maneno ya Kiingereza. Herufi iliyoandikwa lakini haisomwi akiiwekea kiduara kidogo juu yake, kile kile kinachowekwa katika baadhi ya Misahafu juu ya alifu isiyosomwa. Sauti ya kuvutwa akiitia madda. Pa kupumua akitia alama ya kituo.

Mkewe alikuwa na kauli juu ya jambo hili. "Zafarani yangu ya pilau," akituambia tukipita ukumbini, "anawapaka Wazungu."

Na kweli, yeye Kiingereza alikisomesha kama Kurani. Hakuwa na njia nyingine. Alianza na lile neno la kisu, "knife". Miye nilisoma Kurani chuoni mpaka juzuu ya pili, kisha baba akanitia gereji, kwa hivyo nikasoma nilivyoona: ka-ni-fe. Wenzangu nao ka-ni-fe. Akatuacha mpaka tukamaliza.

"Qaaluu," akatusomea neno la Msahafu. "Mwishoni pameandikwa nini?"

"Alifu, Maalim."

"Unaisoma?"

"Siisomi."

"Umewahi kugombana nayo?"

"La."

"Basi na hii k usigombane nayo. Ipishe."

Akatia kiduara. Kwa siku ile moja nikaacha kuwachukia Waingereza kwa maandishi yao, maana kabla ya hapo nilidhani wameyafanya makusudi ili sisi tusijue. Wengi tulidhani hivyo. Akatukumbusha pia kuwa tunaandika al-shams na tunasoma ash-shams, wala hakuna aliyewahi kuitia lamu ile makosani.

Mzee mmoja wa msikitini akaja kumgombeza. Akasimama mlangoni hakuingia. "Unamtilia Mzungu alama za Msahafu? Huogopi?"

"Alama ni za msomaji," Maalim akamjibu. "Waliziweka watu, ili watu wasikosee. Na hawa mbele yangu wanakosea. Karibu chai."

Mzee akaingia. Akapewa nusu kikombe.

Walikuwapo pia waliodhani zafarani ile ina lake jambo. Darasani tulikuwa na muuza haluwa, mtu mnene, mcheshi, kichwa chake hakishiki. Siku moja kabla ya kwenda kujaribiwa kambini, akauchukua ukurasa mzima aliotiwa alama, akaukosha ndani ya bakuli, akayanywa yale maji, kama tunavyokunywa kombe la aya tunapoumwa. Kesho yake akaenda na akarudi.

"Vipi?" Maalim akamuuliza.

"Sikupata, Maalim. Hata lile la kwanza sikulikumbuka. Nami nimeunywa ukurasa wote!"

"Umezinywa na zile zisizosomwa?"

"Zote."

"Ndiyo maana," akasema Maalim. "Zimekukaa shingoni." Kisha akakasirika kweli, kwa sababu ya karatasi. Wiki nzima hakumpa mpya.

Sasa nieleze alivyotueleza kwa nini Kiingereza kiko hivyo, maana nimewahi kuwauliza watoto wa siku hizi wenye shahada, wakaniambia, "Ndivyo kilivyo tu." Maalim hakulipenda jawabu hilo. Akisema, "Usiulize kwa nini haisomwi. Uliza nani alikuwa akiisoma." Ile k ya kisu ilikuwa ikisomwa, alituambia, Mwingereza wa kale akiitamka waziwazi na wala haoni haya. Na lile neno la usiku, "night", gh yake hiyo ilikuwa kh.

"Kh hii yetu?" akauliza muuza haluwa.

"Hii hii ya kooni. Akiisema kama weye unavyosema khamsini. Wajukuu zake ndio ulimi uliowaelemea, wakaiacha."

Chumba kizima kikafurahi. Tulikuwa watu tuliopoteza nyumba, kazi na mji, na tukaambiwa kuwa Mwingereza naye kapoteza kh. Haikuturudishia kitu, ila tulifurahi.

"Basi kwa nini hawakurekebisha maandishi?" nikauliza miye.

"Walichelewa. Ikaja mashine ya kupiga chapa, herufi zikatiwa ndani ya madini ya risasi. Risasi haihami. Ulimi nao hautiwi risasi, ukenda zake."

"Na hizi zilizobaki, kwa nini wasizifute?"

Akaniangalia. "Jina lako nani?"

Nikamtajia.

"Bin nani?"

Nikamtajia baba.

"Bin nani?"

Nikamtajia babu.

"Babu yako yuhai?"

"Kafa kabla sijazaliwa."

"Umemfuta?"

Lakini hakuwa mtu wa kuzitukuza herufi zote. Kulikuwa na neno la kisiwa, "island", na ile s yake. Hiyo, akasema, katika neno hilo hakuna aliyewahi kuitamka, wala babu wala mjukuu. Waliipachika wanavyuoni wao, neno lionekane limetoka kwa Warumi, nalo halikutoka huko.

"Yaani limejitia ukoo usio wake?" akasema muuza haluwa.

"Hasa."

"Kumbe hata kwa Wazungu wamo!" Akacheka mpaka akashika tumbo. Sisi wengine tukatazama chini, kwani chumbani mlikuwa na bwana mmoja ambaye kabila lake alilipatia melini, baina ya Unguja na hapa. Hata yeye akacheka, nyuma ya wote.

Maalim huyu aliyejua sauti ya kila herufi alikuwa akichekwa kila siku kwa sauti zake. Msikitini akisoma, wenyeji hunyamaza, makharaji yake, yaani matamshi ya herufi, hayakuwa na dosari. Akitoka hapo akenda sokoni kununua vitunguu, Kiarabu chake cha mtaani kilikuwa cha Unguja kabisa, na wauzaji wakimwiga mbele ya macho yake. "Ya Zinjibari, sema tena, sema tena!" Yeye akisema tena, kwa upole, mpaka apewe vitunguu vyake. Nilimuuliza haoni uchungu. Akanijibu kuwa vitunguu amepata. Kiingereza nacho hakukisema njiani hata siku moja. Mzungu akipita, Maalim hugeuka kutazama ukuta. Kile kilikuwa kitu cha darasani kwake, mfano wa kanzu ya Ijumaa.

Nimefika pale nisipotaka kufika.

Kambini palitakiwa mtu wa stoo ya vipuri, ajuaye magari na awezaye kusoma maandishi ya masanduku. Magari nilikuwa nikiyajua tangu mtoto. Nikaenda. Wakatuweka kwenye foleni nje ya chumba cha bati, watu kama ishirini, mlango wazi kwa ajili ya joto. Ndani alikaa Mzungu mwekundu wa pua na ubavuni mwake mkalimani. Zamu yangu ikafika, nikapewa tangazo la kazini, nikaambiwa nisome kwa sauti.

Nikakaa. Nikasema bismillahi, hilo halina ubaya. Nikafunga macho nikayafungua, nikaanza. "Check the knot. Listen for the whistle. Do not climb." Yaani angalia fundo, sikiliza filimbi, usipande. Maneno mepesi, lakini kila moja lina mtego wake, na miye niliyaona yale maduara ya zafarani kichwani mwangu, moja moja, mahali pake. Hakuna hata herufi moja iliyoninasa. K nikaipisha, t nikazipisha, b ya mwisho nikaipisha.

Ila nilisoma kama nilivyosomeshwa. Kwa kuvuta. Kwa ghunna, sauti ya puani. Kwa vituo, mwili unakwenda mbele na nyuma, na mkono, sijui ulifikaje, uko sikioni. Sikujua kuwa Kiingereza kina njia nyingine ya kusomwa. Nani angalinambia? Nilipomaliza ule mstari wa mwisho nilikaribia kusema Sadaqallahu, nikaimeza.

Nje foleni nzima ilikuwa imelala kwa kicheko.

"Jamani, anahitimu! Leteni haluwa!"

"Shekhe Spana! Tusomee na ya breki!"

Nimepigwa maishani, nimefukuzwa kwangu, nimelala njaa. Hakuna kilichowahi kuniunguza kama kicheko kile. Na Mzungu hakucheka. Alikuwa amelegeza mikono juu ya meza. Akasema jambo, na mkalimani, huku akijifuta machozi, akanieleza: "Anasema leo kasikia watu kumi na wanne, na weye peke yako hukukosea hata neno. Anauliza, nani kakusomesha?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Lilikuja kama Maalim alivyosema litakuja, neno kwa neno.

Nikaona vichwa mlangoni. Nikaona nikimtaja tu, watajua kisomo kile kimetoka wapi, na watakwenda kumcheka na yeye. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya baadaye. Ukweli ni kuwa nilimwonea haya. Nikasema, kwa Kiingereza, bila ya kuvuta: hakuna mtu. Mimi mwenyewe.

Mzungu akatikisa kichwa. Mkalimani akafasiri: "Anasema hasara. Wanataka mtu wa kuwasomesha wafanyakazi, na mtu huyo angelifaa."

Hapo nilikuwa na nafasi. Pumzi mbili, labda tatu. Mzungu akachukua kalamu, akaandika jina langu kwenye kazi ya stoo, akaita mwingine.

Nilifika Matrah jioni na kazi. Darasani sikwenda. Kesho yake sikwenda. Nikahamia kambini na mkeka wangu, na jina la Shekhe Spana likanifuata mpaka leo. Wazee wenzangu wa mtaa wa Wattaya bado wananiita hivyo, hawajui limeanzaje. Baada ya miezi michache kampuni ikaleta mwalimu kutoka ng'ambo. Nilimwona anashuka garini na sanduku lake, nikageuka kutazama ukuta.

Miaka mitatu sikumwona Maalim. Matrah si mji mkubwa, kwa hivyo mjue nilifanya kazi ya kutomwona. Nikipita barabara ya nyuma. Vitunguu nikituma mtu.

Mwaka wa sabini mambo ya nchi yakageuka. Skuli zikawa zinafunguliwa, na ikatoka habari kuwa serikali inataka kila mwenye kujua kusoma na kusomesha. Nilikuwa mkubwa wa stoo wakati huo, nna gari la kampuni. Nikaendesha mpaka kwa fundi cherahani. Alikuwa pale pale, kibarazani, anamsomea mwanamke mmoja chupa ya dawa. Ndevu zilikuwa nyeupe zote. Nikangoja amalize.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umenenepa."

Nikasimama. "Maalim, siku ile waliniuliza."

"Nnajua."

"Nani kakwambia?"

"Nani anambie? Nilisikia umepata kazi kwa kusoma. Basi umeulizwa. Na mimi hawakuja kunichukua. Hesabu hiyo inataka mtu kuambiwa?"

"Nilisema sina mwalimu."

"Ndiyo." Akaiweka chupa chini, akamwambia yule mama vijiko viwili, asubuhi na jioni, kisha akanigeukia. "Nikaendelea kuiandika ile barua mwaka mzima. Nikisema labda umesahau, utakumbuka. Kisha nikaacha. Karatasi ghali."

Hakuinua sauti. Angalinitukana ningalipona upesi.

"Inuka twende," nikamwambia. "Wanaandika walimu."

"Sina cheti."

"Inuka, Maalim."

Mkewe ndiye aliyemtoa. Alikuwa dirishani, kasikia yote. "Nenda naye," akasema. "Miaka mitatu unamngoja, leo kaja unamwambia huna cheti? Cheti si hicho hapo kimesimama, kimenenepa!"

Ofisi ilikuwa Maskati, chumba kimoja kimejaa watu, wengi wao Waunguja kama sisi, wanaojuana kwa majina na kwa vicheko. Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Akamtazama Maalim kanzu na ndevu. "Cheti?"

Maalim akageuza uso ukutani. Nikamjua anataka kuondoka.

"Nipe karatasi yoyote ya Kiingereza," nikamwambia karani.

"Weye ndiye unayeomba?"

"Miye ndiye cheti chake. Nipe."

Akanisukumia kilichokuwa mezani, kijitabu cha namna ya kuitia utepe mashine ya kuandikia. Nikakaa chini, mbele ya watu wote. Nikasema bismillahi. Nikasoma. Nilikuwa na miaka mitatu ya kukaa na Wazungu, nilijua sasa wanavyosoma wenyewe, upesi na mdomo nusu wazi. Sikusoma hivyo. Nilivuta palipotiwa madda, nikasimama penye kituo, mwili ukaenda mbele na nyuma, na mkono nikaupeleka sikioni mwenyewe, kwa kutaka. Kicheko kikaanzia pembeni, kikazunguka chumba. Nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa.

Kisha nikasema nani kanisomesha. Nikataja jina lake, na la babake, na la babu yake, kwa sauti iliyofika mlangoni. Ndiyo maana hapa silirudii. Nililinyima mahali lilipotakiwa, nikalitoa nilipopewa pa pili, na sitaki kulitumia mara ya tatu kupambia maandishi yangu.

Karani alikuwa ananiangalia, na kidole chake kiko juu ya kijitabu, ameufuata ukurasa mstari kwa mstari. Akachovya kalamu, akaandika. "Darasa la kwanza," akamwambia Maalim. "Jumamosi, uje asubuhi."

Maalim alikuwa amenigeukia miye, uso umekunjamana, kama zamani juu ya duka la cherahani.

"Ule mstari wa tatu," akasema, "umevuta mno."